Kapteni Amelala Masaa Kumi (Sehemu ya 7)

Breki ya mkono ilipanda mpaka juu, na gari likaacha barabara.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usihangaike kulitafuta, nitakupa kwa ufupi. Mimi ni dereva wa shirika la ndege za nauli rahisi. Nawachukua marubani na wahudumu majumbani kwao nawapeleka uwanjani, kisha nawarudisha. Asubuhi ile, saa moja na dakika ishirini, Kapteni alikuwa kiti cha mbele pembeni yangu. Binti yangu, mhudumu wa ndege, alikuwa kiti cha nyuma. Kapteni kalala fofofo. Mara, gari liko kwenye sitini, mkono wake ukanyanyuka, ukashika breki yangu ya mkono, ukaivuta.

Hapo ndipo tuliposimama. Sasa shika kiti chako.

Gari lilizunguka mara moja na nusu. Nikaona lori la mchanga, nikaona ukuta, nikaliona tena lile lori. Tukasimama kwenye majani, pua ya gari ikitazama tulikotoka.

Wiper zilikuwa zinafuta kioo na mvua hakuna.

"Tumetua?" Kapteni akauliza.

Macho alikuwa ameyafumbua, lakini ndani yake hapakuwa na mtu.

"Kapteni, tuko barabarani," nikamwambia. "Umenivutia breki."

Akautazama mkono wake. Ulikuwa bado umeshika.

"Kwenye ndege kuna mkono kama huu," akasema polepole. "Hapahapa katikati. Ukigusa chini unauvuta."

"Basi umeuvuta. Abiria wako wawili tunakushukuru."

Binti yangu hakucheka. Alinyoosha kitambaa kutoka nyuma akanipa.

"Baba, damu. Umejing'ata mdomo."

Nikafuta. Sikusikia maumivu. Siku hizi vitu vingi sivisikii, nimeshazoea.

Nikaligeuza gari tukaendelea na safari. Kapteni akafungua kioo upepo umpige usoni.

"Jana nilishuka humu saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nne na dakika hamsini."

"Nikaoga. Nikakaa kitandani nangoja usingizi, nao unanipita tu. Usingizi umekuja kwenye saa tisa. Saa kumi na mbili mke wangu ananiamsha."

"Masaa matatu."

"Matatu. Juzi yalikuwa manne."

"Na leo una safari ngapi?"

"Nne. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi."

"Si useme umechoka, Kapteni? Mdomo si unao?"

Akacheka bila sauti. "Nimesema mara mbili mwezi huu, mzee wangu. Fomu ipo, nzuri kabisa, ina nembo. Ukiijaza mara ya tatu unaitwa juu ghorofani, unaulizwa kama kazi bado unaipenda."

"Unajibu nini?"

"Unajibu unaipenda."

Tulipofika geti la wafanyakazi akaomba chupa yangu ya maji, akajimwagia kichwani, akajifuta, akavaa kofia.

"Ile habari ya breki ibaki humu garini, mzee. Nakuomba."

Akaenda, mgongo umenyooka. Kwa nyuma ungemkabidhi ndege yoyote.

Binti yangu alichelewa kushuka.

"Baba, nakujua. Usipande kule juu."

"Kwa nini?"

"Niachie mimi. Nina njia yangu."

"Njia gani?"

"Niachie, Baba. Mara hii tu."

Akaburuta kisanduku chake akaingia. Nikahesabu mpaka ishirini. Kisha nikapanda kule juu.

Mara ya mwisho kupanda ngazi zile nilikwenda kusaini karatasi za mke wangu. Alikuwa msafishaji wa ndege. Ndege zetu haziruhusiwi kukaa chini zaidi ya dakika ishirini na tano, wakubwa walikaa na saa zao wakapima, na siku ile zilikuwa zimebaki mbili. Wakaondoa ngazi ya nyuma. Yeye alikuwa anatoka kinyumenyume, anavuta mfuko wa takataka. Karatasi ilisema marehemu hakuwa makini. Binti yetu akapewa kazi, kifuta machozi. Mkurugenzi alikuja kupiga naye picha, akaangalia saa, akaondoka.

Haya, hayo yamepita.

Ofisi ya ratiba ina mtu mmoja anayekuhusu. Wote tunamwita Dakika, maana hajui kuhesabu kitu kingine. Ndiye anayepanga nani arushe nini na lini. Nilimkuta na simu tatu mezani na kipande cha mkate juu ya karatasi. Shati lake lilikuwa la jana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Una dakika tatu."

"Kapteni asirushe ndege leo."

Nikamweleza yote. Breki, lori, ukuta. Alinisikiliza huku anatafuna.

"Alisinzia," akasema.

"Alivuta breki!"

"Mtu akipanda gari si lazima asinzie? Mama mkwe wangu analala hata kabla hujawasha. Nimfukuze?"

"Mama mkwe wako harushi ndege. Huyu kalala masaa matatu."

"Kalala kumi na dakika kumi."

"Nani kakuambia?"

"Wewe."

Akageuza kioo cha kompyuta. Kulikuwa na picha ya ukurasa wa kitabu cha gari langu. Mwandiko ule mzito, unaoegemea kushoto, naujua. Ni wangu. *Ameshuka saa 2:50 usiku. Amepanda saa 1:00 asubuhi.*

Hapa nikuombe usinihukumu haraka. Kila nikimshusha rubani usiku, Dakika ananipigia simu. "Mzee, andika saa mbili na hamsini." Naandika. "Mzee, leo andika saa tatu kamili." Naandika. Nilidhani kitabu kile ni cha mafuta! Kila mwisho wa mwezi kinachukuliwa pamoja na risiti za petroli, ningedhani nini kingine? Mimi niliishia darasa la nne. Namba nazijua. Kazi ya zile namba hakuna aliyewahi kunieleza.

Siku ile ndiyo nikaelezwa. Mapumziko ya rubani yanahesabiwa tangu mguu wake unatoka kwenye gari langu mpaka unaporudi kwenye gari langu. Yanatakiwa masaa kumi. Yasipofika kumi, haruki. Na yanapotafutwa, hawaulizi kitanda. Wanauliza kitabu changu.

Miezi kumi na nne nimekuwa nikiwalaza watu kwa kalamu.

"Wewe ndiye uliyeniambia niandike," nikasema.

"Kwa simu," akajibu. "Simu haina mwandiko."

"Na saini ya Kapteni?"

"Hiyo hapo chini."

Kweli ilikuwepo. Kapteni husaini akishuka, mguu mmoja nje, kabla mimi sijajaza saa. Haangalii. Anataka kitanda.

"Sasa mzee wangu," Dakika akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, "ukisema Kapteni hajalala, unasema umeghushi kitabu miezi kumi na nne. Mkurugenzi atatafuta wa kumfunga, na hatoanza na mimi. Mimi sitaki kukuona huko."

Nikautazama tena ule mwandiko wangu.

Akaangalia orodha yake. "Binti yako yumo humu?"

"Yumo."

"Nikimtoa, utatulia?"

Najua unachotaka nikuandikie. Unataka nikuambie nilipiga meza, mkate ukaruka, nikamshika shati. Sikupiga meza.

"Mtoe," nikasema.

"Basi saini hapa, kwamba kitabu ni sahihi."

Nikasaini. Ile ndege ina viti mia na themanini, na siku hiyo ilikuwa imejaa. Nilijaribu kuwafikiria wale watu. Hawakuja kichwani.

Nilishuka, nikakaa garini. Dakika kumi hazikupita, binti yangu akatoka geti la wafanyakazi anakimbia, kisanduku kinarukaruka nyuma yake.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekutoa. Panda."

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa. Nina mtoto mmoja. Panda gari."

Akapanda kiti cha nyuma, akafunga mlango, akaongea bila kunitazama.

"Ndege yetu haiondoki bila wahudumu wanne. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Watatu haiondoki. Hata Mkurugenzi apige magoti, haiondoki, ni sheria. Mimi nilikuwa nisubiri mpaka abiria wamekaa, mlango unataka kufungwa, halafu niseme naumwa, nashuka. Dakika ya mwisho. Angempata wapi mtu dakika ya mwisho? Ndege ingelala pale, na Kapteni angelala nyumbani kwake."

Nikalitazama geti alilotokea.

"Umempa Dakika nusu saa nzima ya kutafuta mtu, Baba. Umemfungulia mlango mwenyewe."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia niachie!"

Simu yangu ikaita. Dakika.

"Mzee, kuna mhudumu wa akiba, yule Kidoti anayekaa chumba kimoja na binti yako. Mfuate nyumbani. Mlango wa ndege unafungwa saa tatu kasoro dakika kumi. Una dakika thelathini na tano, kwenda na kurudi."

Akakata. Nikamtazama binti yangu.

"Siendi," nikasema. "Wacha nikae hapahapa."

"Usipokwenda atatuma teksi."

"Sasa?"

"Sasa nenda. Mchukue wewe."

Ilinichukua muda kuelewa, kichwa changu si chepesi. Nikawasha gari.

Kidoti alikuwa amesimama mlangoni kwao, sare imefungwa vifungo vibaya, viatu mkononi.

"Shikamoo Baba. Jamani, dereva mwenzako kanishusha hapa saa nane usiku. Saa nane! Nimeota bado nagawa maji."

"Marahaba, mwanangu. Panda nyuma."

"Dada, si wewe una safari hii? Unaumwa?"

"Kidogo," binti yangu akasema.

"Pole. Mniamshe tukifika."

Kabla hatujamaliza mtaa alikuwa ameshalala, kichwa kwenye bega la binti yangu.

Kwenye mzunguko uwanja uko kulia. Nikakata kushoto. Nikaingia nyuma ya karakana ya matairi, penye bati refu, mtu wa barabarani hakuoni. Nikazima gari.

Simu ikaita saa tatu kasoro robo. Ikaita saa tatu kasoro kumi. Ikaita tena na tena, nikaigeuza kifudifudi juu ya dashibodi ikawa inatembea yenyewe kwa kutetemeka. Fundi wa karakana alikuwa anagonga rimu kwa nyundo. Nilitegemea moyo wangu ungekwenda mbio, mtu aliyefanya kazi miaka yote hajawahi kukataa agizo. Moyo ulikuwa umekaa tu.

"Saa tatu kamili," binti yangu akasema. "Imekwisha, Baba. Haiondoki."

"Watanifukuza."

"Watatufukuza."

"Utafanya kazi gani?"

"Nitalala kwanza."

Hapo nikaona anatabasamu, mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. Kidoti alikuwa anakoroma.

Saa tatu na dakika sita simu ikaita tena.

"Pokea," binti yangu akasema. "Sasa hata akitukana atukane."

Nikapokea, nikaweka sauti ya nje.

"Uko wapi, mzee?" Ilikuwa sauti ya Dakika, lakini ya chini, kama mtu aliyejifunika shuka. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia, na kitu kilikuwa kinanguruma.

"Gari limeniharibikia."

"Sawa. Haina shida tena. Tumeshafunga mlango."

"Mmefunga na nani? Mko watatu."

"Wanne. Mimi wa nne."

Binti yangu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nilikuwa mhudumu miaka sita kabla hawajanipa meza," Dakika akasema. "Cheti changu hakijaisha. Mkurugenzi kapiga simu mwenyewe. Kasema ndege haikai chini kwa sababu ya gari bovu, vaa koti upande. Nimevaa. Ni la mtu mwingine, halifungi."

"Haya. Safari njema," nikasema. Ndivyo nilivyosema, sikutafuta maneno mengine.

"Mzee, usikate! Usikate." Akavuta pumzi. "Nilimkuta Kapteni mlangoni pake. Nikampa shikamoo."

"Ndiyo."

"Kanijibu shikamoo."

Fundi alikuwa ameacha kugonga.

"Nikajua ananitania, nikacheka. Hakucheka. Nikampa tena. Kanijibu tena vilevile, mzee. Shikamoo. Anaangalia hapa juu ya bega langu."

"Nilikuja kukuambia. Ulikuwa unakula mkate."

"Najua. Sikiliza. Jana alishuka garini kwako saa ngapi?"

"Unazijua. Uliniandikisha wewe."

"Sizijui! Nakuapia sizijui. Mimi naangalia ratiba, naona saa gani inafaa, nakupigia uandike. Saa ya kweli sijawahi kukuuliza. Hata siku moja. Nakuuliza leo. Nina watoto watatu, mzee. Alishuka saa ngapi?"

Zile saa zote ninazo kichwani. Miezi kumi na nne, kila rubani, kila nyumba, kila dakika. Dereva haachi kuangalia saa. Nilikuwa nimezibeba na hakuna mtu aliyewahi kuniomba hata moja.

"Saa nne na dakika hamsini," nikamwambia. "Na usingizi ulimjia saa tisa, akaamshwa saa kumi na mbili."

Nikamsikia anahesabu kwa mnong'ono. Mtu wa hesabu za dakika mchana kutwa, alirudia mara mbili.

"Matatu," akasema.

"Matatu. Na juzi manne."

"Mimi nimempangia safari nne."

"Ndiyo."

Kwenye simu nikasikia mlio mdogo wa chuma. Binti yangu akanishika bega, yeye anaujua mlio ule hata usingizini. Dakika alikuwa amefungua mkanda.

Mhudumu mmoja wa kike akapaza sauti: "Wewe! Kaa chini! Tunaingia barabara ya kurukia!"

"Nataka kuongea na Kapteni."

"Kaa chini nimesema! Abiria wanakuangalia!"

"Nipishe, dada. Nipishe nimwone Kapteni!"

"Mlango wake umefungwa. Rudi kwenye kiti!"

Kisha ngumi. Moja, mbili, tatu, juu ya mlango mgumu. Mtoto akazidisha kulia. Mtu mzima mmoja akauliza kuna nini, mwingine akauliza kwa sauti kubwa zaidi. Kidoti akaamka nyuma yangu. "Tumefika?" akauliza.

Ndipo injini zilipofunguliwa zote. Tulizisikia kwenye simu, na baada ya kidogo tukazisikia nje, zinakuja kwa juu ya mabati ya karakana mpaka rimu zikaanza kulia chini. Simu ilikuwa bado haijakatika. Katikati ya ngurumo ile ngumi zilikuwa zinaendelea kugonga, na mlango ulikuwa haujafunguliwa.